Meza ya Kumbukumbu Yafika Isiolo

Bwana Mwaniki aliponiuliza kama baba yangu angekubali kuwa mtu wa kwanza kucheza kwenye meza yetu mbele ya watu wa Isiolo, nilimjibu kwamba angekubali kwa furaha. Nilimjibu kabla hajamaliza swali. Leo natembea kwa bakora, na katika mambo yote niliyowahi kusema ofisini, hilo ndilo ninalotamani ningelimeza. Ningesema tu, "Hapana bwana, tutafute mtu mwingine." Safari ingekuwapo vile vile na lori lingekwenda barabara ile ile.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa fundi katika karakana ya jumba moja la makumbusho jijini Nairobi. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza useremala, na kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kutengeneza makabati ya vioo na kupaka rangi vibao vilivyoandikwa USIGUSE. Kisha Bwana Mwaniki, mkuu wa idara yetu, akarudi kutoka ng'ambo na wazo jipya. Alitaka ukumbi mzima unaoonyesha jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi, na alitaka kila kitu ndani yake kiguswe. Alituita karakanani akasema, "Mgeni akitoka humu bila kucheka au kushangaa, mmeshindwa." Tukaving'oa vile vibao vya USIGUSE, na nakumbuka nilivyoona kama nimefunguliwa kamba.

Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda kazi ya mwaka ule. Tulitengeneza sanduku lenye kioo ambamo unachora nyota ukitazama mkono wako kwenye kioo peke yake, na mkono unakataa kutii. Tulitengeneza makopo mawili, moja kubwa na moja dogo, yenye uzito sawa kabisa, lakini kila anayeyainua huapa kwamba lile dogo ndilo zito. Mimi mwenyewe nilibuni vitu viwili, vyote kutoka kwa baba.

Baba yangu, Mzee Guyo, alikuwa dalali wa mifugo. Ng'ombe wake mwenyewe waliisha katika machafuko ya miaka ya sitini, akaingia mjini Isiolo na kuanza kuuza wa wengine. Sokoni, muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka na kuelewana bei kwa vidole, ili waliosimama karibu wasijue. Kutokana na hilo nilitengeneza sanduku la shuka: unaingiza mkono gizani na kutambua kilichomo kwa vidole tu. Lakini kazi kubwa ya dalali si bei. Kazi yake ni kujua mnyama huyu ni wa nani, ametoka boma gani, na nani alimuuza kabla. Dalali akisema, "Huyu namjua," mnunuzi hulala usingizi. Akikosea, mtu amenunua mnyama wa wizi. Nilipokuwa mdogo baba alinipeleka sokoni mara nyingi, nami nilimwona akimtambua ng'ombe aliyemwona mara moja tu, akiwa ndama.

Kwa ajili yake nilibuni meza ya kumbukumbu. Ilikuwa meza ya duara, juu yake wanyama wa mbao niliowachonga na kuwapaka rangi za ng'ombe na mbuzi wa kwetu: mwekundu, mweupe mwenye masikio meusi, kijivu, madoadoa. Unatazama, tunafunika kwa blanketi, tunaondoa mmoja, tunafunua. Useme ni nani hayupo. Bwana Mwaniki alipoiona alisema ni lazima tuijaribu kwanza huko huko kwetu, Isiolo na Garbatulla na Kinna, kabla ya kufungua ukumbi. Ndipo akauliza kuhusu baba.

Sikuwa mjinga kabisa. Likizo iliyotangulia baba alikuwa ameniita Jillo, jina la kaka yangu aliyekufa zamani, akiwa malishoni na baba peke yao. Nilimwambia, "Abba, mimi ni Halake," akacheka, nami nikacheka. Nilijiambia ni uzee. Nilitaka sana wenzangu wa Nairobi wamwone baba yangu.

Asubuhi tuliyoondoka, dereva wetu alikuwa Mutwiri, Mmeru wa Maua, mtu wa mzaha, na kifurushi chake cha miraa kilikuwa tayari juu ya dashibodi. Bwana Mwaniki alikaa dirishani na mimi katikati.

"Halake," Mutwiri aliniuliza tulipopita Thika, "hii akili mmeifunga kwa masanduku yale yote huko nyuma?"

"Yote."

"Na yangu ungeiweka wapi?"

"Yako ingeenea ndani ya kiberiti."

"Na vijiti vikiwa ndani bado," akasema Bwana Mwaniki, na tukacheka hadi Karatina.

Nanyuki tulikunywa chai. Timau kulikuwa na baridi na ngano pande zote mbili za barabara. Kisha ikaja ile sehemu ambayo kila mtu wa Isiolo huingojea akirudi nyumbani: barabara inaanza kuteremka, unavua koti, joto linapanda miguuni kama umekaribia jiko, na mbele nchi inafunguka, kavu na pana, milima ikiwa mbali na ya buluu. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nikifika pale nikiwa juu ya magunia ya viazi, na nilikuwa nalia kidogo bila kumwambia mtu. Safari hii pia macho yalinichoma. Mutwiri alidhani ni vumbi, akafunga dirisha.

Isiolo tulifika jua likiwa bado juu. Wakati ule lami iliishia hapo mjini, na watu walikuwa wakisema kwamba ukivuka kizuizi cha polisi unakwenda Kenya nyingine. Bwana Mwaniki na Mutwiri walichukua vyumba vya kulala wageni, nami nikaenda nyumbani kwetu, mtaa wa Wabera, kwa miguu. Baba alikuwa msikitini. Mama, tunayemwita Aayo, alinipa chai ya maziwa ya ngamia, akanisikiliza nikimweleza habari za meza. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Nani atamwondoa mnyama?" aliuliza.

"Mimi."

"Na baba yako atakaa wapi?"

"Mbele, kwenye kiti. Watu wote wamwone."

Aliosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. "Siku hizi anauliza jambo moja mara mbili," akasema. "Kila siku nampa kofia yake mkononi, asije akaitafuta. Mwanangu, usimweke mbele ya watu. Mwambie mkubwa wako mzee anaumwa tumbo."

"Aayo, ni mchezo tu."

"Kwa nani?"

Baba aliingia, akanikumbatia, akasema amesikia nimeletwa na gari la serikali na kwamba kesho atavaa shuka lake jipya. Nilimtazama Aayo kama kusema, unaona? Yeye akatazama pembeni.

Siku iliyofuata tulipanga vitu vyetu katika ukumbi wa shule. Watu walijaa kabla hatujamaliza: wachuuzi, walimu, wafugaji waliokuja sokoni, akina mama wa maziwa. Mzee Dida, dalali mwenzake baba na mshindani wake wa miaka mingi, alikuwa wa kwanza kuinua yale makopo mawili.

"Hili dogo ndilo zito," akatangaza. "Hata mtoto anajua."

Bwana Mwaniki akayaweka kwenye mzani. Yakalingana. Dida akautazama mzani mbele na nyuma. "Huu mzani umekula rushwa Nairobi," akasema, na ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mama mmoja wa maziwa alitia mkono mmoja kwenye maji moto na mwingine kwenye maji baridi, kisha yote miwili kwenye maji ya vuguvugu. "Huu unasema moto, huu unasema baridi," akalia. "Niuamini upi?"

"Hakuna hata mmoja, mama," alisema Bwana Mwaniki. "Akili haipimi. Inalinganisha tu na kilichotangulia."

"Basi ndivyo mume wangu anavyonipima na mke mkubwa."

Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Kisha baba akaingia. Watu walimfungulia njia, na kila aliyemsalimu alijitaja. "Salaam aleikum, Mzee Guyo. Mimi Wario wa Kulamawe, wa yule ndama mwekundu." "Salaam aleikum, Abba. Mimi Boru, mtoto wa Galma." Baba aliwajibu wote kwa majina yao na kuwauliza mifugo yao. Nilimnong'oneza Bwana Mwaniki, "Unaona kichwa hicho?"

Baba akakaa. Nikafunika, nikamwondoa yule kijivu, nikafunua. Akatazama kitambo, akasema, "Kijivu hayupo." Watu wakapiga makofi. Dida akapaza sauti, "Bahati! Mpeni tena!" Bwana Mwaniki akanikonyeza nimpe tena.

Nilifunika. Niliondoa mweupe mwenye masikio meusi. Nilipofunua, baba alitazama meza muda mrefu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Akasema, "Mrudishe yule mwekundu." Mwekundu alikuwa mbele yake, karibu na mkono wake. Watu walicheka, wakidhani anacheza nasi. Hapo ningeacha mchezo. Aayo alikuwa amesimama mlangoni na aliniita kwa jina langu, nami nilimsikia. Lakini nilitaka amalize vizuri, nilitaka wale watu wote waone nilichokuwa nikikiona mimi tangu utotoni, nikavuta blanketi mara ya tatu.

Nilipofunua baba hakutazama wanyama tena. Alinitazama mimi. "Hawa ni wa nani?" akauliza.

"Guyo!" Dida akasema. "Hawa ni wa mbao, hawana mwenyewe!"

Kicheko kikapanda. Kilipotulia baba akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama mtu ambaye hajauliza bado, "Hawa ni wa nani?" Safari hii hakuna aliyecheka. Nilimwona Dida akishusha macho. Baba akageuza mnyama mmoja, akatafuta alama ubavuni mwake, mahali ambapo chuma cha moto hupita, hakuiona, akasema, "Jillo, mwanangu, mwambie mwenye hawa aje. Siwezi kuuza vya mtu nisiyemjua."

Aayo alipita katikati ya watu, akamshika mkono, wakatoka. Bwana Mwaniki alifunga ukumbi mapema. Hakunilaumu, wala mimi sikumlaumu, maana yeye aliuliza tu. Mimi ndiye niliyejibu.

Asubuhi ya kuelekea Garbatulla sikumwona baba. Aayo alisema amelala. Njia ilikuwa mashimo na mchanga, na wanyama wa mbao walikuwa wakigongana nyuma kwenye sanduku lao kila tulipopita korongo. Mutwiri aliacha mzaha. Baada ya mwendo mrefu alisema, "Baba yangu naye alianza hivyo. Alikuwa anapeleka mbuzi malishoni halafu anarudi kuuliza wako wapi."

"Mlifanya nini?"

"Tulisema wako malishoni. Kila mara. Tulichoka, lakini tulisema."

Garbatulla tulifika tumepauka kwa vumbi. Nilidhani tumeiacha habari nyuma, lakini lori la mifugo lilikuwa limetutangulia. Tuliweka vitu vyetu karibu na soko, na watu walicheza na makopo na maji na kucheka kama wale wa Isiolo. Meza nilisema imevunjika. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa ngamia, Msomali mtu mzima, Mzee Abdi, ambaye nilikuwa nimemwona nyumbani kwetu tangu utotoni. Alinisalimu kwa heshima, akaniuliza habari za mama, kisha akakaa akichora mchanga kwa fimbo.

"Kijana," akasema mwisho, "mimi nina ngamia jike niliyemnunua kwa neno la baba yako. Mtu wa Modogashe amekuja, anasema ni wake. Kesi iko kwa wazee. Nilikuwa nategemea Guyo aje aseme."

"Atakuja," nilisema.

"Wanasema hakuweza kuwatambua ng'ombe wa mbao."

"Ule ulikuwa mchezo, Mzee."

"Najua. Lakini huyo wa Modogashe naye amesikia. Nikimleta Guyo, atasema, huyu ndiye aliyemwita mwanawe kwa jina la marehemu?" Aliinuka, akanigusa bega. "Yeye namwamini. Neno lake ndilo halina mguu tena. Pole sana, mwanangu."

Kinna tulipitia tukirudi, penye mifereji na migomba, kijani ambayo ukitoka Garbatulla unaona kama unaota ndoto. Watu walitupa ndizi. Bwana Mwaniki alitaka kujua kwa nini sifungui meza na mimi nikamwambia kwamba nimepoteza blanketi. Alikuwa amelikalia. Akalitazama, akanitazama, hakuuliza tena.

Siku tuliyorudi Isiolo ilikuwa siku ya soko. Nilikwenda moja kwa moja sokoni, nikamkosa baba. Mahali pake palikuwa na watu wawili wasiomjua dalali wa kumtumia, na Dida alikuwa akiwaita. Aliponiona alikuja. Nilidhani atanikejeli.

"Mimi ndiye niliyesema apewe tena," akasema. "Sikujua imefika hapo. Wallahi sikujua." Halafu, "Mwambie arudi. Mimi nitakaa naye."

Nyumbani baba alikuwa amekaa uani amevaa kofia na shuka jipya, tayari kwa soko. "Leo soko halina watu," aliniambia. Nilitoka kumfuata Aayo jikoni.

"Hakuna aliyekuja kumwita," akasema. "Walikuwa wanapita hapa kila asubuhi ya soko, wanamchukua, wanatembea naye wakimtajia: leo yupo fulani, ameleta kadhaa, ni yule wa mwaka jana. Ulidhani ni adabu tu? Walikuwa wanambeba, Halake. Tangu mwaka uliopita. Wengine hata hawakujua kama wanambeba, ndivyo salamu zao zilivyo. Wewe ulimtoa mikononi mwao, ukamweka kwenye kiti peke yake, ukafunika kwa blanketi."

Katika kazi yangu nimesikia wasomi wengi wakieleza kumbukumbu ya mtu inakaa wapi. Nilichojifunza jikoni kwa Aayo hakikuwa kwenye masanduku yetu. Kumbukumbu ya baba ilikuwa imetawanyika kwa watu wa soko lile, kila mmoja ameshika kipande, wakimrudishia asubuhi na kukichukua jioni, na ingeweza kwenda hivyo miaka mingi bila kumdhuru mtu. Baada ya siku ile ya ukumbini hakuna aliyethubutu. Dida alikuja kumchukua mara chache, lakini wanunuzi walisimama mbali, na baba si mtu wa kusimama sokoni bila kazi. Akaacha. Ngamia wa Mzee Abdi alikwenda kwa mtu wa Modogashe.

Tulianza safari ya kurudi Nairobi. Tulipopanda kuelekea Timau nilivaa koti tena. Nilimwomba Bwana Mwaniki meza iachwe nje ya ukumbi mpya. Akaniambia kwa upole kwamba ndiyo bora kuliko vyote tulivyotengeneza, na hakukosea. Ukumbi ulipofunguliwa watoto wa shule walipanga foleni mbele yake. Nilikuwa nawasikia kutoka karakanani.

Miaka iliyofuata nilirudi Isiolo kila likizo. Nilikuwa sijavua viatu mlangoni, baba ananyooka kwenye kiti na kuanza: "Wewe ni Halake. Mama yako ni Kabale. Leo ni Jumatano." Mara nyingi ilikuwa kweli. Nilimwambia, "Abba, sikuuliza." Anaitikia kwa kichwa, ananitazama mikono kuona nimeshika nini. Jioni moja nilimuuliza kisima cha babu kilikuwa upande gani wa mto Waso, kwa kuwa nilitaka tu kujua. Akarudisha kiti chake nyuma. "Unanipima?" akauliza. Nilisema hapana. Hakuniamini. Nilijaribu tena mwaka mwingine, kwa habari ya harusi yake, na mwaka mwingine kwa habari ya Jillo. Jibu lilikuwa lile lile. Nikaacha kuuliza.

Lakini kwa wengine alizungumza. Mara nyingi nilikuwa nikifika uani namsikia akimsimulia jirani, au Dida, au hata muuza maji, habari za visima na mifugo na vijana wa zamani, mambo ya mbali ambayo ugonjwa haukuwa umeyafikia. Alikuwa akicheka. Nikiingia ananyamaza.

Alikufa kabla muongo ule haujaisha, na mimi nikiwa pembeni ya kitanda. Wajukuu wangu huniuliza baba ya babu yangu aliitwa nani, na kisima chetu kilikuwa wapi, na Jillo alikufaje. Nawaambia sijui. Wale waliosimuliwa wamekufa pia. Kwa jibu nililompa Bwana Mwaniki siku ile, nilipoteza haki ya kumuuliza baba yangu neno lolote, naye aliishi miaka yake ya mwisho akiniogopa mimi, mwanawe, na akafa akiwa ananiogopa bado.